Them Mushrooms na Wimbo wa Maamkizi: Uhakiki Kutoka Base Camp

Waingereza, katika kuandika historia ya muziki wao wa roki, wamezoea kuziweka katika fungu la peke yake zile bendi zilizopata wimbo mmoja uliovuma kupita kiasi, kisha zikatoweka masikioni mwa watu. Bendi ya Thunderclap Newman ni mojawapo. Mwaka 1969 wimbo wake "Something in the Air" ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya nchi hiyo. Baada ya hapo bendi haikupata tena wimbo wa kulingana na ule, na ilipofika mwaka 1971 ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tunao mfano wetu, ijapokuwa tofauti yake ni kubwa. Bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa haikuvunjika baada ya wimbo wake mkubwa, bali iliendelea kupiga muziki kwa miongo kadhaa. Lakini muulize mtu yeyote wa Mbarara, au wa hapa Base Camp katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, akutajie wimbo wa bendi hiyo. Wengi hawatalijua hata jina la bendi. Wimbo watauimba wote. Wimbo wenyewe ni "Jambo Bwana", na katika makala haya tunakusudia kuuhakiki kama tunavyohakiki kazi nyingine yoyote ya fasihi, kwa fani na kwa maudhui, kwa sababu umekuwa, tupende tusipende, somo la kwanza la Kiswahili kwa watu wengi kuliko kitabu chochote tulichonacho kabatini.

Kwanza tueleze habari za bendi yenyewe kwa ufupi. Them Mushrooms ilianzishwa Mombasa mwaka 1972 na ndugu wa ukoo wa Harrison, akiwamo Teddy Kalanda Harrison, ambaye ndiye mtunzi wa wimbo tunaouzungumzia. Vijana hawa walipenda rege, na kama ilivyokuwa kwa bendi nyingi za pwani wakati ule, riziki yao ilitoka katika hoteli za watalii. Huko hotelini Teddy Kalanda aliona jinsi wageni wa Ulaya walivyofurahia kujifunza maneno mawili matatu ya Kiswahili, akayakusanya maneno hayo akayatilia sauti. Wimbo ukatolewa katika santuri mwaka 1982. Mwaka uliofuata kikundi cha Boney M, kilichokuwa kimekwisha kuirekodi "Malaika" mwaka 1981, kiliurekodi wimbo huo kwa namna yake, ukasikika Ulaya nzima. Bendi nyingine za hotelini, kama vile Safari Sound, nazo ziliupiga. Wapigaji wa Zanzibar hubadilisha tu jina la nchi wakaendelea. Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Hii imevuma zaidi ya miaka 40 na ngozi yake bado nzima.

Sasa tuingie katika fani, hasa lugha, kwa maana hapo ndipo walimu wenzetu wengi wanapoukataa wimbo huu. Madai yao ni matatu. La kwanza, kwamba hakuna Mswahili anayeamkia kwa kusema "jambo". Husemwa "hujambo", nalo hujibiwa "sijambo". La pili, kwamba katika wimbo habari zinaulizwa, na jibu linatolewa kwa upatanisho wa ngeli ya M-WA, ilhali "habari" ni neno la ngeli ya N na jibu lake ni "nzuri". La tatu, kwamba "hakuna matata" ni msemo wa kupikiwa watalii. Mtu wa Mombasa husema hakuna shida, au hapana tabu, au hamna neno. Kwa sababu hizo tatu wapo wanaoshauri wimbo usisikike kabisa darasani, usije ukawaharibu wanafunzi.

Madai haya ni ya kweli, kama mtu amekaa Mombasa au Unguja. Sisi tunakaa Base Camp. Wanafunzi wetu wa jioni ni watu wazima mchanganyiko: Wasomali, Waethiopia, Wanyarwanda, Warundi, Wakongo, pamoja na wenyeji Wanyankole wanaofanya biashara humu makazini au wanaokuja kwa taksi kutoka Mbarara. Katika darasa la namna hii madai yale matatu hupata sura nyingine kabisa.

Tuanze na "jambo". Mkongo wa Bukavu au wa Goma akikutana na mwenzake asubuhi humwambia "jambo", naye huitikiwa "jambo" au "jambo sana". Hamwigi mtalii yeyote. Ndivyo alivyoamkiwa na mama yake. Akiulizwa habari hujibu "muzuri", na neno hilo kwake halibadiliki kwa ngeli yoyote, kwa kuwa linatumika kama kielezi. Na "matata" ni neno lake la kila siku: mtoto mtundu ana matata, barabara ya mvua ina matata, ofisi ina matata. Kwa hiyo wimbo uliotungwa Mombasa kwa ajili ya masikio ya Wazungu unamfikia Mkongo kama Kiswahili cha nyumbani. Tulipoanza kuufafanua darasani na kuonyesha palipopinda, mama mmoja wa Kivu alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa heshima: "Mwalimu, sasa kosa ni ya wimbo ao ni ya sisi?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mwalimu anaposema mbele ya darasa kwamba maneno fulani ni Kiswahili cha watalii, ilhali nusu ya darasa imezaliwa na maneno hayo hayo, anakuwa ametoa hukumu ambayo hakuikusudia. Hatusemi kwamba Kiswahili sanifu kiachwe. Mitihani ya Uganda haitahini Kiswahili cha Bukavu, na mwanafunzi wetu hana budi kujua kuandika "habari nzuri". Tunalosema ni kwamba lahaja ya bara si kasoro ya mtunzi, wala kasoro ya mtunzi, kama ipo, haimhusu mzazi wa mwanafunzi.

Fauka ya hayo, wimbo wenyewe unatupa nafasi nzuri ya kufundisha sarufi, kama mwalimu hana haraka ya kukunja uso. Chukua suala la upatanisho. Mnyankole huuliza "agandi?" na hujibiwa "nimarungi". Mnyarwanda huuliza "amakuru?" na hujibiwa "ni meza". Katika lugha zote mbili habari ni za ngeli ya ma-, na jibu linafuata ngeli ya habari, si ngeli ya mtu. Kwa hiyo wanafunzi hawa wanayo kanuni tayari midomoni mwao kabla hawajakanyaga darasani. Ukiwaonyesha kwamba "habari" katika Kiswahili iko katika ngeli nyingine, na kwamba jibu lapaswa kuifuata, wataiona kasoro ya wimbo wao wenyewe na watacheka. Tumejaribu njia hiyo mara nyingi, na tunaweza kushuhudia kwamba yafaa kuliko jedwali la ngeli lililobandikwa ukutani.

Hali kadhalika neno "hujambo". Wataalamu wa zamani walilieleza kuwa maana yake ni "huna jambo", yaani hakuna lililokusibu. Anayejibu "sijambo" anasema kwamba hana tatizo. Basi tazama: maamkizi sanifu ya Kiswahili, tangu asili yake, ni kuulizana kama hakuna matata! Wimbo umekata kiambishi cha kukanusha mwanzoni, ukabaki na jambo tupu, kisha ukaukanusha mzigo wote mwishoni kwa msemo unaorudiwarudiwa. Hatudhani kwamba Teddy Kalanda alikaa akalipanga hivyo. Lakini lugha hujipangia mambo yake.

Na wale wanaodai kwamba wimbo hauna Kiswahili cha pwani ndani yake hawakusikiliza vizuri. Kitenzi cha kuwakaribisha wageni hakikuwekwa katika wakati wa -na-, bali katika ule wa -a- ambao watu wa pwani huupenda na watu wa bara hawautumii kwa urahisi. Hapo ndipo Mkaloleni na Mmombasa wanapojitokeza. Kitenzi hicho kimoja kina nafsi ya pili wingi, kina wakati, kina mnyambuliko wa kusababisha na wa kutendwa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Base Camp wanakiimba bila kujikwaa, nao hawajui kwamba wamebeba sura nzima ya kitabu cha sarufi.

Upungufu wa wimbo, kwa maoni yetu, uko katika maudhui. Mtunzi anaamkia, anauliza hali, anakaribisha, anasifu nchi kwa uzuri wake na amani yake, na kila baada ya hatua anathibitisha kwamba hakuna matata. Anayesema ni nani? Si mwenye nyumba. Ni mtumishi wa nyumba. Mwenye nyumba akikaribisha mgeni hueleza habari zake naye: mvua, watoto, mgonjwa. Mwimbaji wa "Jambo Bwana" hana habari zake hata moja. Kila kitu chake ni chema, kwa sababu anayeulizwa ameajiriwa ili kila kitu kiwe chema. Tena wimbo ulitoka mwaka 1982. Mwezi Juni mwaka huo Kenya ilifanywa kwa sheria kuwa nchi ya chama kimoja, na tarehe 1 Agosti askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali, watu wengi wakapoteza maisha mjini Nairobi. Hatumlaumu mtunzi kwa kutokuwa mtabiri. Tunasema tu kwamba wimbo wa aina hii, kwa umbo lake, hauna mlango ambao habari ya namna hiyo ingeweza kuingilia.

Tena, mgeni wa wimbo ni nani? Ni mtu mwenye tikiti ya kurudia. Nakivale ni makazi yaliyoanza kupokea watu tangu mwisho wa miaka ya 1950, Wanyarwanda wakiwa wa kwanza, na hadi leo yanapokea. Methali yetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa methali hiyo ni utaratibu wa serikali, kwa maana mkimbizi hupimiwa kipande cha ardhi alime. Tulipowapa wanafunzi zoezi la kutunga maamkizi yao kwa mahadhi ya wimbo huu, hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba hakuna matata. Waliandika matata yenyewe, moja baada ya jingine: foleni, maji, karatasi isiyorudi, shamba la mawe. Msomali mmoja aliandika kwamba matata yapo, lakini karibu chai. Kama mhakiki angeambiwa achague kati ya ubeti huo na wimbo wa asili, sisi twajua tungechagua upi, ijapokuwa mahadhi ni ya Teddy Kalanda na pasipo mahadhi yale ubeti usingezaliwa.

Mjini Mbarara hali ni nyingine. Kwa miaka mingi Kiswahili cha mji huo kilikuwa cha kambi ya askari ya Simba. Kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati wa utawala wa Idi Amin, na wazee waliokisikia vizuizini hawakitamani hata leo. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Mzazi wa Mbarara anayemkataza mwanawe lugha ya bunduki hamkatazi wimbo wa "Jambo Bwana", unaoimbwa na madereva wa watalii waendao Ziwa Mburo. Hapo wimbo umetenda kazi ambayo matangazo ya serikali hayakuiweza: umeonyesha kwamba lugha hii inaweza kutabasamu. Sifa hiyo hatuwezi kuinyima bendi, hata baada ya yote tuliyoyasema juu ya tabasamu lenyewe.

Liko suala la haki ambalo wanafunzi hulichanganya, nasi tulifafanue. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya simba, "The Lion King", yenye wimbo wa Elton John na Tim Rice uitwao "Hakuna Matata". Wimbo huo si ule wa Teddy Kalanda. Kilichoshirikiwa ni msemo. Mwaka huo huo kampuni iliomba kuusajili msemo kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya mavazi, na usajili ukakubaliwa Marekani mwaka 2003. Mwaka 2018 Shelton Mpala wa Zimbabwe aliandika ombi la kuupinga, na watu zaidi ya 100,000 wakatia sahihi. Alama ya biashara haimzuii mtu kusema, wala mwalimu kufundisha. Hata hivyo twaona ghadhabu ile ilikuwa na msingi: msemo ni mali ya wasemaji, na wasemaji hawana ofisi ya usajili. Wimbo, kinyume chake, una mtunzi mwenye jina. Huko Uingereza mpigaji kinanda Matthew Fisher alipigania sehemu yake ya utunzi wa wimbo "A Whiter Shade of Pale" wa mwaka 1967 hadi mahakama ya juu kabisa, akashinda mwaka 2009. Hapa kwetu wimbo wa Teddy Kalanda huimbwa na wengi kana kwamba ni wa asili usio na mwenyewe, mithili ya nyimbo za jando. Mtunzi alifariki mwezi Septemba 2024 akiwa na umri wa miaka 72, na wengi katika darasa letu ndipo walipotambua kwamba wimbo ule ulikuwa na mtu.

Na mtu huyo na ndugu zake walikuwa na kazi nyingine. Mwaka 1987 bendi ilihamia Nairobi. Walipiga rege, wakapiga chakacha, wakapiga benga, wakazifufua nyimbo za zamani katika mfululizo wa zilizopendwa. Baadaye bendi ikajulikana pia kwa jina la Uyoga, ambalo ni tafsiri ya jina lao la Kiingereza. "Nyambura" na "Embe Dodo" ni nyimbo ambazo Mkenya wa rika letu huzikumbuka kwa mapenzi. Mhakiki wa haki hawezi kuiita hii bendi ya wimbo mmoja. Ni bendi ya nyimbo nyingi iliyofunikwa na wimbo wake mwepesi kuliko zote, na waliofunikwa zaidi ni wasikilizaji wa nje ya Kenya, sisi wa Uganda tukiwamo, ambao tulipokea maamkizi tukadhani mazungumzo yamekwisha.

Katika "Embe Dodo" tunakuta yale ambayo "Jambo Bwana" hauna: tunda linatajwa, na si tunda peke yake, msikilizaji anaachiwa kazi. Hiyo ndiyo njia ya kale ya waimbaji wa pwani, ya kusema jambo kwa kulifunika. Si kweli kwamba ndugu hawa hawakuijua. Waliijua sana, ila hoteli haikuihitaji, kwa sababu mgeni wa siku kumi hana nafasi ya kufunuliwa fumbo.

Kwa hiyo muhula huu, baada ya kumaliza "Jambo Bwana" na ngeli zake, tumeingia katika "Embe Dodo". Mwalimu atakayetaka kufanya hivyo atenge saa mbili, si moja. Somo letu la kwanza lilikwisha kabla hatujafika popote, kwa kuwa Wanyankole na Wakongo walishindana juu ya embe gani la sokoni Mbarara ndilo linalostahili kuitwa dodo, na Wasomali wakataka kila upande ulete lake, lionekane.